Shahada na Ajira: Maneno kwa Wanaojaza Fomu za Chuo

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi na walezi, na ninyi vijana ambao shughuli hii ni yenu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie kozi zenye soko. Naelewa kwa nini mada imewekwa hivyo. Mzazi anayelipa ada kwa miaka 3 au 4 ana haki ya kujua analipia nini, na kijana anayeitoa miaka hiyo ana haki kubwa zaidi. Nimefanya kazi ya kuajiri watu kwa muda mrefu, kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba elimu ni nuru na ajira itajileta yenyewe. Haijileti.

Ila sikuja na orodha ya kozi kumi bora. Orodha hizo mnazo tayari kwenye simu zenu. Ubaya wake ni kwamba nyingi hupanga kozi kwa namba moja tu, ama mshahara wa kuanzia ama asilimia ya wasio na kazi, na namba moja ikiachwa peke yake hudanganya. Ngoja niwaonyeshe inavyodanganya.

Marekani wana takwimu nzuri katika jambo hili. Benki ya Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya nchi hiyo, huchapisha jedwali la wahitimu wapya, wenye umri wa miaka 22 hadi 27, kwa kila fani. Takwimu za mwaka 2023 zilipotoka mwaka 2025 zilizua kelele. Wahitimu wa sayansi ya kompyuta wasio na kazi walikuwa asilimia 6.1. Wa uhandisi wa kompyuta, asilimia 7.5. Wa historia ya sanaa, ile kozi ambayo mzazi akiitajiwa hushika kichwa, walikuwa asilimia 3.0 tu. Vichwa vya habari vikaandikwa: kompyuta imekwisha, someni sanaa.

Sasa soma safu inayofuata katika jedwali lile lile. Inahesabu wahitimu ambao wana kazi, lakini kazi ambayo kwa kawaida haihitaji shahada. Kwa sayansi ya kompyuta ni asilimia 16.5. Kwa historia ya sanaa ni karibu asilimia 47. Yaani karibu nusu ya hao wa sanaa wamehesabiwa kuwa wameajiriwa, nao kweli wameajiriwa, ila wanapokea wageni mapokezini au wanasimama kwenye kaunta ya mauzo, kazi ambayo wangeipata hata kabla ya chuo. Fani ya haki jinai, yaani masomo ya polisi, mahakama na magereza, inayosomwa na watu wengi sana kule, ilikuwa na asilimia 67.2 ya wahitimu walio katika hali hiyo. Uuguzi ulikuwa na asilimia 1.4 wasio na kazi na asilimia 9.7 walio katika kazi za chini ya elimu yao. Ukiangalia safu zote mbili ndipo unaona: uuguzi unashinda kote kuwili, kompyuta inashinda kumoja, na historia ya sanaa imeficha tatizo lake pale ambapo vichwa vya habari havikuangalia.

Kwa nini mhitimu wa kompyuta aonekane hana kazi kuliko wa sanaa? Kwa sehemu ni kwa sababu anasubiri. Anajua kazi ya fani yake ipo na inalipa vizuri, basi anakataa ya kwanza inayopita. Takwimu za ukosefu wa ajira hupima pia uwezo wa mtu wa kusubiri, na hili watu husahau. Mfano wake mkali uko India. Ripoti ya ajira ya nchi hiyo iliyotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani ilionyesha kwamba mwaka 2022, miongoni mwa vijana, wahitimu wa vyuo wasio na kazi walikuwa asilimia 29.1, na vijana wasiojua kusoma wala kuandika walikuwa asilimia 3.4. Je, tuwatoe watoto shuleni? Asiyejua kusoma hana pa kusubiria. Jioni lazima ale, kwa hiyo anachukua kibarua chochote, na takwimu zinamwandika kuwa ana ajira. Mhitimu anakaa kwao, familia inambeba, anatuma maombi.

Kwa hiyo mtu akikuambia kozi fulani ina ajira asilimia 95, muulize: ajira gani? Wako kwenye fani yao, au wako popote? Na walihesabiwa miezi mingapi baada ya kuhitimu? Vyuo vingine humhesabu aliyejitolea bila malipo kuwa ameajiriwa.

Niingie kwenye kozi zenyewe. Mimi huziangalia kwa mlango zinaofungua, na kwa nani aliyeshika ufunguo wa mlango huo.

Zipo kozi zinazofungua mlango mmoja unaolindwa na sheria. Udaktari, uuguzi, famasia, ualimu, sheria, baadhi ya fani za uhandisi. Bila shahada hiyo, na bila leseni ya bodi baada ya shahada, huruhusiwi kuifanya kazi ile. Huo ni ulinzi mkubwa. Mhitimu wa fasihi hawezi kuja kugombania zamu yako wodini. Watu wengi wakisema “kozi yenye soko” huwa wanafikiria kozi za aina hii, na kwa muda mrefu walikuwa sahihi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa wahudumu wa afya wasiopungua milioni 10. UNESCO inasema kufikia mwaka huo huo walimu wapya wanaohitajika ni milioni 44, na kati yao milioni 15 ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Mzazi akisikia namba hizo anasema basi, mwanangu akasome ualimu au uuguzi, hawezi kukosa. Lakini mnawajua walimu waliohitimu wanaokaa nyumbani. Mnawajua wauguzi wenye leseni wanaofanya biashara ya simu. Inawezekanaje darasa lina watoto 90, na mwalimu aliyesomea kufundisha watoto hao yuko mtaani?

Inawezekana kwa sababu uhitaji na ajira ni vitu viwili. Mtoto anamhitaji mwalimu, lakini mtoto halipi mshahara. Mshahara unatoka hazina ya serikali, na hazina ikibanwa na madeni ajira inasitishwa, hata kama wodi zimejaa. Soko la kozi hizi haliamuliwi na wingi wa wagonjwa wala wanafunzi. Linaamuliwa na bajeti. Fani ambayo mlipaji wake ni mmoja ina hatari ya aina yake: siku mlipaji akifunga mkono, wote mnakosa kwa pamoja, wa kwanza darasani na wa mwisho.

Misri waliyaona haya mapema. Katika miaka ya 1960 serikali ya Gamal Abdel Nasser iliahidi kazi ya serikali kwa kila mhitimu wa chuo kikuu. Ahadi nzuri, na watu wakaikimbilia. Vyuo vikajaa, foleni ya kuajiriwa ikarefuka mwaka hadi mwaka, na ikafika mahali mhitimu anasubiri miaka mingi apate kile alichoahidiwa. Serikali nyingine hazikutoa ahadi kwa maandishi, ila familia zinaishi kana kwamba ilitolewa.

Sisemi msisome ualimu. Nasema ukiusoma, jua walipaji wako ni wangapi. Mwalimu wa fizikia na hisabati ana serikali, ana shule binafsi, ana wanafunzi wa masomo ya ziada, na hata akitoka ualimuni hisabati inamfuata. Mwalimu wa somo ambalo kila shule ina watu watatu wa kulifundisha ana foleni. Muuguzi ana kitu ambacho wanasheria hawana: mwili wa binadamu ni ule ule kila nchi, hivyo taaluma yake inavuka mpaka, akifaulu mitihani ya leseni na lugha ya huko aendako. Sheria haivuki hivyo, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake. Wanasheria wa kesho mnisamehe, wala kwenu mambo si mabaya, ila shahada peke yake haiwafikishi mahakamani. Ulizeni njia nzima, hadi siku ya kuapishwa, inachukua muda gani na inagharimu nini.

Upande wa pili kuna kozi zisizo na mlango wao maalumu. Sosholojia, sayansi ya siasa, historia, falsafa, lugha, na pia, hapa wengi hushangaa, biolojia na fizikia zenyewe. Tumezoea kusema “sayansi ina kazi, sanaa haina.” Katika jedwali lile la New York, wahitimu wa fizikia wasio na kazi walikuwa asilimia 7.8, juu ya wa falsafa waliokuwa asilimia 3.2. Fizikia ni somo gumu na zuri, ila ukiwa na shahada ya kwanza tu hakuna ofisi iliyobandika mlangoni “mwanafizikia.” Ama uendelee na masomo, ama uichukue hisabati yake uende nayo kwenye fedha, takwimu au programu. Kinacholipwa kwenye “sayansi” mara nyingi ni uhandisi, afya na kompyuta. Hizo zingine ziko kundi moja na historia, isipokuwa wazazi hawajaambiwa.

Waliosoma kozi hizi pana hawajapotea. Nawaona mezani kwangu, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya kozi na kozi. Mhitimu wa sosholojia anayeweza kuandaa dodoso, kuwahoji watu, kuzichakata takwimu kwenye kompyuta na kuandika ripoti ya kurasa 5 inayoeleweka, huyo anapata kazi kwenye utafiti, kwenye mashirika, kwenye benki. Mwenzake wa darasa lile lile, cheti kile kile, aliyekariri nadharia na kunakili kazi za wenzake, hana cha kuniuzia. Kozi pana haikupi kazi. Inakupa muda wa kujitafutia zana, na wengi hawautumii.

Niseme la kuudhi. Kozi inayonitia wasiwasi kuliko falsafa ni usimamizi wa biashara. Anayeenda kusoma falsafa anajua anacheza kamari, kwa hiyo anajipanga. Anayeenda usimamizi wa biashara anadhani amenunua usalama, kwa sababu jina lina neno biashara. Haina leseni inayomlinda, mara nyingi haina zana moja ya kina, na kila mtu ameisoma. Nikitangaza nafasi ya kawaida ya ofisini, ndiyo maombi yanayojaa. Uhasibu ni jambo tofauti kabisa, maana una mitihani ya bodi nyuma yake na kila taasisi duniani lazima ifunge hesabu zake. Kama moyo wako uko kwenye biashara, fikiria uhasibu, takwimu au ununuzi na ugavi kabla ya kuandika usimamizi.

Sasa kuhusu muda. Unachagua kozi leo, unaiuza baada ya miaka 4. Katika miaka ya 1970 mwanauchumi Richard Freeman wa Marekani alionyesha jinsi jambo hili linavyozungusha wahandisi: mishahara ikipanda vijana wanafurika, miaka 4 baadaye wanatoka wengi kwa pamoja na mishahara inashuka, vijana wapya wanakimbia, na miaka 4 tena wahandisi wanaadimika. Mzunguko huo haujakoma. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na uhandisi wa mafuta ulikuwa juu ya kila orodha. Mwanzoni mwa 2016 pipa likawa chini ya dola 30. Fikiria kijana aliyeingia chuo mwaka 2012 kwa sababu ya orodha ile, anahitimu katikati ya kupunguzwa kwa wafanyakazi. Kompyuta nayo ilipitia hayo baada ya kampuni za intaneti kuporomoka mwaka 2000: wanafunzi waliikimbia, na waliobaki wakaja kugombewa miaka michache baadaye. Kwa hiyo kozi inayopigiwa ngoma na kila mtu mwaka huu, ichunguze mara mbili. Inayosemwa imekufa, ichunguze pia.

Tena kuna muda mrefu zaidi ya huo. Wachumi David Deming na Kadeem Noray, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walifuatilia mapato ya waliosoma uhandisi na kompyuta. Wanaanza mbali mbele ya wenzao. Katika miaka 10 ya kwanza kazini, faida hiyo ya mapato inapungua kwa zaidi ya nusu. Sababu yake ni kwamba ujuzi wa fani hizi huchakaa haraka: lugha ya programu uliyoajiriwa kwa ajili yake inaachwa, anakuja kijana aliyefundishwa mpya. Bado wako mbele, tusipotoshe, ila pengo si lile la mwaka wa kwanza. Anayechagua kompyuta ajue amechagua kusoma maisha yake yote. Kama hupendi kusoma, mshahara wa kuanzia usikudanganye.

Kwenye akili mnemba nitapita haraka, maana kila mtu anatabiri na mimi si mtabiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mwaka 2025 takwimu za Marekani zilizoonyesha kwamba katika kazi zinazoguswa zaidi na teknolojia hiyo, kama uandishi wa programu na huduma kwa wateja, ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 ilishuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na kazi zisizoguswa sana. Wakubwa wao katika kazi zile zile hawakuguswa hivyo. Ninavyosoma mimi, kinachoondoka ni zile kazi ndogondogo ambazo mwajiri alimpa mgeni ili ajifunze. Ikiwa ni hivyo, mhitimu atatakiwa afike akiwa ameshajifunza, na hilo linanipeleka kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko jina la kozi.

Jambo hilo ni kazi ya kwanza. Watu husema mchagua jembe si mkulima, na kijana anayekataa kila kitu hutupiwa methali hiyo. Katika hili methali inabana kidogo. Mwaka 2024 taasisi mbili za Marekani, Burning Glass Institute na Strada, zilifuatilia mamilioni ya wahitimu. Mwaka mmoja baada ya chuo, asilimia 52 walikuwa katika kazi zisizohitaji shahada. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 45. Kwa hiyo hadithi ya “anza popote, utapanda” ni kweli kwa wachache kuliko tunavyodhani. Wengi walioanzia chini walibaki chini. Waliokuwa wamefanya mafunzo kazini kabla ya kuhitimu walikuwa na uwezekano mdogo kwa karibu nusu wa kuangukia huko, na hili lilionekana katika fani mbalimbali.

Basi kijana asiye na mtu wa kumbeba achukue jembe lililopo, hana njia nyingine, lakini asiache kutuma maombi ya fani yake kwa kuwa tu amepata mshahara. Kuna faraja kidogo kutoka Kanada. Mchumi Philip Oreopoulos na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba wanaohitimu uchumi ukiwa mbaya huanza na mapato pungufu kwa takriban asilimia 9, na pengo huchukua hadi miaka 10 kuziba. Waliolifunga mapema walilifunga kwa kuhama, kutoka kwa waajiri wadogo wanaolipa kidogo kwenda kwa wanaolipa vizuri. Utii kwa mwajiri wa kwanza haukuwasaidia. Najua nasema haya nikiwa mwajiri.

Wazazi, nina neno lenu moja. Wachumi watatu, Kirkeboen, Leuven na Mogstad, walichunguza Norway, ambako mfumo wa udahili uliwaruhusu kulinganisha vijana wenye alama zilizokaribiana walioangukia kozi tofauti. Waligundua kwamba fani uliyosoma inabadilisha mapato kwa kiasi kikubwa, na chuo ulichosomea kinabadilisha kidogo sana. Hizo pesa mnazokopa ili mtoto aende chuo chenye jina zaidi, kwa kozi ile ile, zifikirieni upya. Tena waligundua kwamba vijana huwa wanaelekea kwenye fani ambako wao wenyewe wana nguvu kuliko kwingine. Mtoto anayekwambia hawezi udaktari huenda anakupa taarifa, si kiburi. Aliyesukumwa kwenye uhandisi akaurudia mwaka wa pili mara mbili hayumo kwenye wastani wa mishahara ya wahandisi.

Namaliza na kazi ya kufanya kabla ya kujaza fomu. Tafuta watu watatu waliohitimu kozi unayoitaka, katika chuo unachokitaka, miaka 5 iliyopita. Usichukue wale waliobandikwa kwenye bango la chuo. Waulize wanafanya nini, walisubiri muda gani, nani anawalipa, na wenzao wa darasa wako wapi. Kisha kiulize chuo: wanafunzi wanapelekwa wapi kwa mafunzo kazini, kwa wiki ngapi, na bodi ya taaluma inautambua mtaala wao? Wapo vijana waliokaa miaka 4 wakahitimu, ndipo wakaambiwa bodi haiitambui shahada yao. Uliza kabla ya kulipa, na jibu liwe kwa maandishi.

Mwenyekiti ameniashiria muda. Kipaza sauti kipo pale katikati. Naomba tuanze na vijana, wazazi watafuata.